Vikadi vya Harusi ya Hafsa

Siku za shule Samiha alikuwa na mwendo wake usiobadilika. Akirudi nyumbani alikula, akaosha vyombo, akaenda madrasa, na akitoka huko alikimbilia kona yake ya ua, pale kwao mtaa wa Makorora, nyuma ya jiko la mama yake. Kona hiyo aliiita karakana. Karakana lilikuwa jina tu, maana ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya meza yenye mguu mbovu, wembe, sponji, kikopo cha wino wa mihuri na ndala kuukuu zilizokatwakatwa.

Lakini usizidharau ndala hizo. Soli yake ikichongwa kwa wembe na mkono uliotulia, hutoka muhuri wa ua, wa samaki au wa nyota. Filamu za eksirei za mjomba wake, aliyewahi kuvunjika mguu, nazo hazikutupwa. Samiha alizitoboa maumbo zikawa stensili. Aliilaza filamu juu ya karatasi, akaigongagonga kwa sponji yenye wino, na alipoiinua umbo lilibaki pale, safi. Wenzake wa darasa la sita walimletea madaftari yao awapambie majina.

Ila alikuwa na ila yake, na mtaa mzima uliijua. Alikuwa mwepesi wa kuanza na mzito wa kumaliza. Aliwahi kuanza kusuka mkeka, ukafika upana wa kiganja, hadi leo uko hapo hapo. Dada yake Hafsa alimtania kuwa ana nguvu ya soda. Basi harusi ya Hafsa ilipokaribia, na Samiha akajitokeza kusema kwamba yeye ndiye atakayetengeneza vikadi vya kufunga kwenye vifuko vya halua na kashata, vile wanavyopewa wageni wakiondoka, watu waliangua kicheko. Mama yao, Bi Mwatumu, hakucheka. Alimwambia kuwa harusi haingoji mtu. Kama anaweza aseme, na kama hawezi aseme vilevile, ili wakachapishe dukani. Samiha akasema anaweza. Neno lilimtoka mbele ya watu, na yeye mwenyewe alijua kwamba halirudi.

Safari hii alikaza. Kila jioni alikata karatasi ya manila vipande vya mstatili, akatoboa tundu la uzi, akapiga muhuri. Chini aliweka jina la Hafsa na la bwana harusi, Mudathir. Juu, kwa kutaka baraka, aliweka Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Aliinakili kutoka kwenye jalada la juzuu lake la madrasa, akaitoboa kwenye filamu kwa subira mpaka vidole vikafa ganzi. Ilipendeza mno. Mama alikishika kikadi cha kwanza akakibusu. Hafsa alikipiga picha akaituma kwa wakwe zake, na wakwe wakajibu kwa sifa tele. Samiha alitembea kichwa juu, na nani angemlaumu?

Alhamisi alasiri wanawake wa upande wa Mudathir walikuja kuleta begi la bibi harusi, lenye nguo, manukato na viatu vyake. Nyumba ilijaa vigelegele. Walipoondoka, kila mmoja alipewa kifuko chenye kikadi, nao walivisifu hadi mlangoni.

Kesho yake asubuhi, Samiha akienda shule, alikiona kikadi chake njiani, kando ya mtaro wa maji machafu. Kifuko kilikuwa kimeshapasuliwa, kashata imeliwa. Kikadi kililala chali kwenye tope, na juu ya maandishi ya Kiarabu palikuwa na alama ya kisigino. Kisigino hicho kilikuwa kimelikanyaga jina la Mwenyezi Mungu.

Samiha aliinama akakiokota, akakifuta kwa ncha ya ushungi wake. Aliyekitupa hakukusudia ubaya, hilo alilijua. Mtu akila tamu, karatasi huitupa, ndivyo watu walivyo. Aliyeliandika jina lile tukufu juu ya kitu cha kutupwa ni yeye. Na Jumapili wageni watakuwa wengi kuliko hao wa jana, nao watatupa kila mahali.

Wakati wa mapumziko alimweleza rafiki yake Sabiha. Sabiha alimshangaa. Alimkumbusha kuwa watu wazima wote wameviona vikadi na hakuna aliyesema neno, kwa nini yeye ajitie kitanzi? "Nyamaza, shoga'angu," alisema. "Ukisema, utaambiwa ni wewe yule yule. Watakwenda dukani, na kazi yako yote imekwisha."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Manila ilikuwa imekwisha. Vikadi vilikuwa tayari ndani ya kapu, vimepangwa, vinangoja halua tu. Akisema, Hafsa atalia, na watu watasema walijua tangu mwanzo. Asiposema, atakaa harusini akila pilau huku akijua kinachokanyagwa nje. Samiha alikaa darasani kutwa nzima bila kusikia hata mwalimu alichofundisha.

Alipofika nyumbani hakwenda jikoni. Alimfuata mama yake, aliyekuwa akichambua mchele pamoja na Hafsa, akaweka kile kikadi chenye alama ya kisigino juu ya ungo.

"Mama, hiki nimekiokota mtaroni. Nimekosea kuandika Bismillahi. Vyote vitaishia hivi."

Bi Mwatumu alikitazama, akasema astaghfirullahi kwa sauti ya chini. Hafsa aliweka mikono kichwani. Alilalama kuwa wakwe wameshaviona na kuvisifu, sasa wataletewa vingine vya kulipualipua? Mama akanyoosha mkono kuchukua simu, akasema hapana budi ampigie mwenye duka la kuchapisha, kama bado ana nafasi.

"Nipe mpaka kesho jioni, mama," Samiha alisema. "Niliyeharibu ni mimi. Niache nitengeneze."

Mama alikitazama tena kile kikadi. Kisha akaiweka simu chini.

Jioni ile ile Samiha alikwenda dukani kwa Mzee Mwinyijuma, akamwamkia shikamoo, akaomba maboksi matupu ya sabuni. Mzee aliitikia marahaba, akataka kujua kama wanahama. Samiha alimweleza bila kuficha. Mzee akaingia nyuma ya duka akamchagulia maboksi makavu, yasiyo na doa la mafuta. Nje yalikuwa na maandishi ya sabuni, lakini ndani yalikuwa na rangi ya kaki, safi kabisa. Maandishi ya nje aliamua kuyafunika kwa kubandika vipande viwili mgongo kwa mgongo.

Jumamosi alianza mapema. Muhuri mpya ulikuwa wa kikuba, kile kifungu cha asumini na rehani wanachovaa wanawake wakienda harusini. Soli ya kwanza ilimkatikia wembe ulipoteleza, akachonga nyingine. Akapiga muhuri mstari wa kwanza wa vikadi, akavipanga kimoja juu ya kingine kama alivyozoea kupanga vya manila, na alipoviinua, wino wote ulikuwa umetapakaa. Boksi hunywa wino kwa pupa, na siku hiyo hewa ilikuwa nzito, ya mvua za vuli. Machozi yalimlenga Samiha. Hapo ndipo siku nyingine zote alipokuwa akiacha. Aliinuka, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake ya mguu mbovu.

Alipunguza wino kwenye sponji mpaka ikawa kama imepita tu. Akafunga uzi kutoka nguzo ya jiko hadi dirishani, akavianika vikadi kimoja kimoja kwa vibanio vya nguo. Mkasi ulimtoa lengelenge kidole gumba, akakifunga kitambaa akaendelea. Mchana Sabiha alichungulia mlangoni. Alisimama kidogo akiangalia ua mzima ulivyojaa vikadi, kisha akasema kwamba mtu mwenyewe mbishi, basi ampe sindano atoboe matundu. Walifanya kazi mpaka adhana ya magharibi, na vikadi vikatosha.

Hafsa alikuja kuviona. Alishika kimoja, akakigeuza, akasema kikuba hiki karibu kinukie. Vile vya zamani vilivyobaki kapuni mama alivikusanya vyote pamoja na kile cha mtaroni, akavichoma kwa adabu, na majivu akayafukia pembeni mwa ukuta, mahali pasipokanyagwa na mtu.

Harusi ikawa, na ikafana. Wageni walikula, wakaimba, wakaondoka na vifuko vyao. Wachache waliviweka vikadi ndani ya mikoba wakavihifadhi. Wengi walivitupa. Jioni Samiha na mama yake walikuta ua umejaa vipande vya kaki, vimekanyagwa, vingine vimechanika katikati.

"Umeumia kuona kazi yako chini?" mama alimuuliza.

Samiha alifikiri. Akasema kidogo, lakini si kama ile asubuhi ya Ijumaa.

Bi Mwatumu aliegemeza ufagio ukutani. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea, hukosea kila mtu. Mimi nilikibusu kile kikadi, na mimi ni mtu mzima; nikaona uzuri wake nisione kitakapoishia. Lakini kosa likijulikana na mtu mmoja tu, mtihani ni wa huyo mmoja. Ungenyamaza, leo hakuna ambaye angekulaumu, ila wewe mwenyewe usingepata raha. Kazi usiitazame inavyopendeza mkononi tu, itazame na inakokwenda. Na ukiona umeharibu, sema kweli, kisha tengeneza kwa mikono yako mpaka imalizike. Hivyo ndivyo mtu anavyoaminiwa."

Samiha aliitikia. Kisha akashika ufagio, akafagia ua wote hadi mlangoni, vikadi pamoja na maua yaliyonyauka, na moyo wake ulikuwa mweupe.