Mushumaa wa Kubakia

Kyakimwa, rafiki yangu wa Butembo, alienda ku Beni kuchukua mishumaa elfu moja na nane ya Pasaka. Papa Syauswa, mwenye depo ya mishumaa, hufungia mununuzi ndani apange mishumaa yake mpaka mistari itoke sawasawa, bila wa kubakia. Depo haina dirisha. Kyakimwa alikuwa na tochi ya telefone tu.

Akapanga saba-saba: mumoja ukabakia. Nane-nane: mumoja. Tisa-tisa: mumoja tena, na elfu moja na nane inagawanyika kwa zote tatu!

“Papa, fungua! Kuko mumoja wa zaidi!”

“Hapana, mama. Panga tena.”

Akaushika ule wa kubakia. Tochi ikazimika. Karibu na sikio lake mutu akapuliza polepole, fuu.

Akalia mpaka Syauswa akafungua, akahesabu: elfu moja na nane, hapana wa kubakia. Lakini ku kiganja cha Kyakimwa kulikuwa nta, ingali ya moto.