Mafuta Juu ya Manyoya

Sogeeni, wenye paka na msio nao, maana haya si ya paka peke yake.

Palikuwa na msusi mmoja, mwanamke wa mikono myepesi, ambaye saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mumewe. Kila asubuhi alifungua madirisha, akafagia nywele za jana na kupanga vitana, huku paka wake mweusi, Hariri, akipanda kiti cha wateja kujilamba. Alianza kifuani, akaenda mgongoni, akamalizia mkiani. Manyoya yake yaling'aa hata wateja wakatania, "Mimi nitengeneze niwe kama huyo." Msusi akavimba kichwa. Paka ndiye alikuwa tangazo lake.

Ikaja asubuhi ambayo Hariri alipanda kitini asijilambe. Alijikunyata tu. Siku zilivyokwenda weusi wake ukafifia ukawa kama kutu, mba ukajitokeza, na manyoya ya karibu na mkia yakashikana madonge.

Mume, fundi baiskeli asiyeishiwa maneno, ndiye aliyetangulia kusema. "Mke wangu, huyu paka siku hizi kafanana na kofia yangu ya kazini. Mpeleke kwa daktari wa wanyama."

"Daktari wa nini? Hizi ni nywele, na nywele ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo alipokosea, ndugu zangu, na alikosea kwa sababu ya ufundi wake. Alichukua mafuta ya nywele, yale mazuri aliyowawekea wateja wakubwa, akampaka Hariri kutoka shingoni mpaka mkiani. Akayachambua madonge, akamkalisha dirishani, na paka akameremeta.

Jioni hiyo alikuja wifi yake, dada wa mume, kutengeneza nywele. "Wifi, kumbe umemfufua!"

"Kwangu hakuna kisichopambika," msusi alijibu, huku akimshonea nywele za bandia juu ya upara uliokuwa umeanza utosini. Upara ule walikwishauzoea wote wawili. Kila wifi alipokuja ulikuwa umepanuka, na kila mara msusi aliufunika vizuri zaidi.

Lakini kinachopakwa kwenye manyoya ya paka huishia tumboni mwake. Mafuta yalimkera Hariri, akajilazimisha kuyalamba. Asubuhi msusi alimkuta chini ya sinki, ametapika, udenda unamtoka. Akamnyanyua. Chini ya manyoya yale yanayong'aa, mikono yake ilikuta mbavu tupu. Aliona haya, akaogopa.

Wateja walikuwa wamekwishakaa. "Leo sisuki," aliwaambia, na mume akampakia yeye na paka kwenye baiskeli.

Daktari wa wanyama alifungua kinywa cha Hariri. Fizi zilikuwa zimevimba, na meno ya nyuma yameoza.

"Mdomo ukiuma, paka hawezi kujilamba," alisema. "Asipojilamba, manyoya yanashikana. Asipokula, yanafifia. Huyu amekuwa akiwaambia muda mrefu. Na haya mafuta kayapaka nani?"

"Mimi. Nilitaka apendeze."

"Amelegea sana. Tutamwongezea maji kwanza, halafu tumpe dawa ya usingizi tung'oe meno. Siwezi kuwaahidi kitu."

"Mimi siondoki hapa mpaka aamke," msusi alisema, na kweli hakuondoka.

Hariri aliamka. Alirudi nyumbani bila meno ya nyuma na nusu ya mgongo imenyolewa kuondoa manyoya yenye mafuta. Msusi alimlisha chakula laini kwa kijiko, kila siku, akikatiza kazi bila kumwomba mtu radhi. Mteja mmoja alimshauri amfiche, asije akamfukuzia wateja. "Atakaa palepale kitini," alijibu. Na siku Hariri alipoinamisha kichwa akajilamba kifua, msusi aliachia nywele za watu akalia.

Kisha wifi akaja tena. "Nifunike haraka, wifi yangu, nina safari."

Msusi alifumua nywele za bandia, akautazama upara kwa muda. "Hiki kitu kilianza lini?"

"Hata sikumbuki. Wewe funika tu."

"Na mwili unauonaje?"

Wifi aliegemea kiti. "Nachoka. Hata ngazi zinanishinda. Lakini nani hachoki?"

Msusi alifunga kopo la mafuta. "Sikufuniki tena. Jitande mtandio wako, tunakwenda hospitali."

"Na wateja wako?"

"Watasubiri. Nimekwishapamba mgonjwa mmoja, sitapamba wa pili."

Wakatoka wameshikana mikono. Kitini alibaki Hariri, akijilamba mgongo wake wenye kipara.

MAFUNZO

Manyoya ya paka yakififia, yakishikana, yakitoa mba au yakinyonyoka, usikimbilie kitana. Jiulize: anakula? Anajilamba? Mdomo unanuka? Kisha mpeleke kwa anayejua, na mafuta ya watu yaache kwa watu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba anayemsaidia mwenzake kuyaficha ana sehemu yake katika kilio kitakachofuata, hata kama alifanya kwa mapenzi.