Mgonjwa Aliyekula Nyasi

Kila asubuhi Soipan alimshikia mama yake ndoo wakati wa kumkama Nanyokie, ng'ombe wao mwekundu, kisha akakimbilia shuleni. Waliishi nje kidogo ya Kitengela. Nyumba mpya za kupanga zilikuwa zimelizunguka boma lao pande tatu, na upande wa nne palikuwa na timbo, shimo la kuchimbia mawe lililoachwa, ambalo mvua ilikuwa imelijaza maji.

"Mguu wako usiguse maji yale," mama yake, Zipporah, alizoea kumwonya.

"Sawa, Yeyo," Soipan alijibu, kwani ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. Lakini kila Jumamosi, badala ya kwenda mazoezi ya kwaya, aliogelea humo hadi vidole vikakunjamana.

Jumatatu moja, Mwalimu Nalianya, aliyefundisha sayansi Gredi ya Sita, aligawa mikebe midogo yenye vifuniko. Wanafunzi wote wangepimwa minyoo.

"Kesho kila mtu alete choo chake," alisema. "Kidogo tu! Mwaka jana mtu aliniletea mkebe wa rangi umejaa pomoni."

Darasa lilivunjika mbavu, isipokuwa Soipan. Kwa wiki mbili tumbo lilikuwa likimsokota, na mara mbili alikuwa ameona damu kwenye choo chake. Alikuwa amesikia kwamba maji ya timbo huleta kichocho. Kichocho kikionekana, Yeyo angejua siri ya kwaya.

Asubuhi iliyofuata, Zipporah alipoingiza maziwa ndani, Nanyokie aliinua mkia. Soipan aliona kama maombi yake yamejibiwa. Akatafuta kijiti.

Alhamisi, Zipporah aliitwa shuleni. Ofisini alimkuta binti yake, Mwalimu Nalianya na Bwana Ojwang, mtaalamu wa maabara, mtu mwembamba asiye na mazoea ya kutabasamu.

"Mama Soipan," Bwana Ojwang alianza kwa upole, "nyumbani mnakula nini?"

"Ugali, sukuma, maziwa. Nyama tukiwa na wageni."

"Na nyasi?"

"Nyasi?"

"Usikasirike, mama. Kama kuna shida ya chakula, tuambie tusaidie. Lakini choo cha mtoto huyu ni nyasi tupu." Akageuza karatasi. "Tena kiko na mayai ya mnyoo bapa wa ini, ule wa mifugo. Nikajiuliza, huyu mtoto huwa anacheua?"

Mwalimu Nalianya alijifunika uso kwa daftari. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

"Mtoto wangu ale nyasi?" Zipporah alisimama. "Hata mboga huwa namlazimisha!" Kisha akageuka polepole. "Soipan. Hiyo choo ni ya nani?"

"Ya Nanyokie."

"Nanyokie ni dada yake?" Bwana Ojwang aliuliza, kalamu mkononi.

"Ni ng'ombe," Zipporah alijibu.

Kicheko cha Mwalimu Nalianya kilisikika hadi uwanjani. Bwana Ojwang alifuta jina alilokuwa ameanza kuandika.

Zipporah hakucheka. "Ulikuwa unaficha nini?"

Soipan alilia, akaeleza yote: timbo, kwaya, tumbo. Alipotaja damu, hakuna aliyecheka tena. Siku hiyohiyo alipewa mkebe mwingine, na chini ya darubini Bwana Ojwang aliona mayai yenye mwiba ubavuni. Kilikuwa kichocho.

"Lakini sikuyanywa maji yale," Soipan alisema. "Minyoo iliingilia wapi?"

"Kwenye ngozi," Bwana Ojwang alijibu. "Lava wa mnyoo huyu, yaani mtoto wake asiyeonekana kwa macho, hutoka kwa konokono wa majini. Akikugusa, anatoa kimeng'enya."

"Kama kile cha mate, kinachovunja chakula?"

"Cha mate kinakusaidia wewe. Hiki kinamsaidia mnyoo. Kinayeyusha njia kwenye ngozi yako, lava anapenya, mkia wake anauacha nje, halafu anasafiri kwenye damu akikua mpaka awe mnyoo kamili. Bila kimeng'enya hicho, angebaki nje akibisha hodi."

Soipan alipimwa urefu ili kiasi cha dawa kijulikane, akapewa vidonge vikubwa vichungu, akavimeza baada ya kula. Nanyokie naye alitibiwa na daktari wa mifugo. Lakini Bwana Ojwang alitaka kujua ni nani wengine waliogelea timboni, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hawaonekani kwa kipimo kimoja.

Kesho yake, habari za ng'ombe zikiwa zimeshaenea, Soipan alisimama mbele ya darasa.

"Mooo!" mvulana mmoja alilia, na kicheko kikalipuka.

Masikio yakimwaka moto, Soipan alisubiri wanyamaze. "Nilidanganya," alisema. "Na nilikuwa natoa damu. Kama uliogelea timboni, sema sasa."

Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine, hadi ikawa kumi na mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa yule aliyelia kama ng'ombe.

Jioni Zipporah alimpokea langoni.

"Yeyo, bado umekasirika?"

"Sana. Hiyo kwaya utaimba mpaka sauti ikauke." Kisha akamvuta karibu. "Lakini sikia, mwanangu. Ukinidanganya mimi, nitakasirika, halafu nitapoa. Ukimdanganya daktari, atautibu uongo wako, na ugonjwa utabaki na wewe."