Namba Nane wa Kilimani

Katika nyumba ya shangazi, vita vya kila asubuhi vilianzia kwenye kamba ya nguo. Hapo zilianikwa pamoja sare za shule mbili zisizopikika chungu kimoja: sweta la kijani la Redio, aliyesoma shule ya mtoni, na sweta jekundu la binamu yake, Tinga, aliyesoma shule ya kilimani.

"Ondoa sweta lako karibu na langu," Tinga alisema asubuhi hiyo huku akivuta soksi. "Litaniambukiza ugonjwa wa kufungwa."

"Ngoja msimu uanze," Redio akamjibu. "Mtarudi mmenywea kama kuku waliolowa mvua."

Shangazi, mama yake Tinga, aliwatazama juu ya kikombe chake. Alikuwa fundi cherehani, na jezi za raga za shule zote mbili zilishonwa na kutiwa viraka mezani kwake. "Mimi nashangilia uzi na sindano tu," alisema. "Atakayechana jezi mwaka huu atashona mwenyewe. Haya, kunyweni chai, mtachelewa."

Redio aliitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Tinga lilikuwa kifupi cha Tingatinga: akishika mpira na kuinamisha kichwa, mwenye akili timamu alimpisha. Alimzidi Redio mwaka mmoja. Tangu baba yake Redio apate kazi ya mbali, watoto hao walilelewa pamoja na shangazi, wakigombana mchana kutwa na kugawana kipande cha mwisho cha mkate jioni.

Msimu wa raga ulikuwa uanze wiki iliyofuata, na mechi ya ufunguzi ilikuwa mtoni dhidi ya kilimani. Katika shule ya mtoni, kila mwaka kabla ya msimu mwanafunzi mmoja alisoma mbele ya paredi tathmini ya timu zote: nani ana nguvu, nani ana pengo, nani wa kuogopwa. Mwaka huu kazi hiyo ilimwangukia Redio, naye aliivalia njuga. Alikwisha kwenda kuwachungulia wa shule ya relini, akaandika kwamba mawinga wao wanakimbia kama walioiba kitu, ila skramu yao, pale wanaposukumana kwa mabega, inasukumika kama mlango usio na komeo. Hata timu yake hakuipendelea. Aliandika kwamba wachezaji wa mtoni wakianza kushindwa huanza kulaumiana, na tangu siku hiyo nahodha wao hakuitikia salamu yake.

Alikuwa pia amemwuliza mwalimu wa michezo wa shule yake, "Mwalimu, msimu huu unaogopa nini?" Alitarajia mwalimu huyo amtaje Tinga.

"Vichwa," mwalimu alijibu. "Mtoto akigongwa kichwa akachanganyikiwa, atoke uwanjani papo hapo. Akigongwa tena kabla hajapona, anaweza asiamke." Redio aliandika nusu ya jibu hilo, akaliona halina msisimko.

Alasiri ya siku ile ya ugomvi wa sweta, kilimani walicheza na relini mechi ya kujipima nguvu. Redio alisimama kando ya mstari, kalamu mkononi. Kipindi cha pili, winga wa relini alichomoka na mpira, na Tinga akamrukia kumkaba. Alimwangusha kweli, lakini kichwa chake kiligongana na goti la yule winga. Redio aliusikia mlio wake. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa ndoo tupu iliyopigwa teke na mpita njia.

Kocha wa kilimani, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameinama akimfunga bandeji mchezaji mwingine. Hakuona. Tinga aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kusimama upande wa relini.

Watu walicheka. Tinga alijulikana kwa vituko vyake. "Acha masihara wewe!" nahodha wake alimwambia, akamvuta jezi na kumrudisha kwa wenzake.

Kisha mpira ukatoka nje. Timu zikapanga mistari miwili ili mpira urushwe katikati. Kwa kilimani, kazi ya namba nane, yaani Tinga, ilikuwa kutangaza kwa ishara mpira uende wapi, na ishara zao zilikuwa za sokoni: kitunguu ni mbele, karoti ni katikati, kabichi ni nyuma. Redio alizijua, kwa kuwa Tinga alizikariri jikoni kila siku, na alikuwa amemwapia kwamba hatamwaga mtama shuleni kwake. Tinga alivuta pumzi, akapaza sauti.

"Sabuni!"

Kicheko kingine. Redio hakucheka. Alimtazama binamu yake machoni, akaona kwamba naye hakuwa akicheka.

Karibu na mwisho wa mechi, Tinga aliokota mpira nyuma ya skramu, akampita wa kwanza, akamburuta wa pili, akaugusisha mpira chini kwenye kona. Trai! Kilimani wakashinda, wakambeba juujuu.

Njiani kurudi nyumbani Tinga alitembea polepole, mkono mmoja ukikinga jua.

"Redio, tumeshinda?"

"Mmeshinda. Si umefunga wewe mwenyewe trai ya mwisho!"

"Aa," alisema Tinga. Walipita duka la pembeni, wakapita karakana ya magari. "Redio, hivi tumeshinda?"

Redio alisimama. Kabla hajajibu, Tinga alishika ukuta wa karakana, akainama, akatapika.

"Umegongwa kichwa," Redio alisema. "Twende tukamwambie shangazi."

"Thubutu! Kesho ni siku ya viti."

Redio aliijua siku hiyo. Kocha wa kilimani alipanga viti kumi na vitano ukumbini, juu ya kila kiti jezi, na kila aliyechaguliwa alikaa kwenye kiti chake mbele ya shule nzima. Na kocha alikuwa na sheria moja: mchezaji akivua jezi kwa sababu ya maumivu, jezi hiyo huvaliwa na mwingine mpaka msimu uishe. Aliitunga ili kuwakomesha wavivu waliojisingizia ugonjwa kila mazoezi yalipokuwa magumu.

"Mwaka jana wote nimekalia benchi," Tinga alisema, macho yamejaa maji. "Ukimwambia mtu yeyote, usiniite tena ndugu yako."

"Sawa," Redio akasema.

Nyumbani, shangazi alishangaa kumkuta mwanawe kitandani na jua bado liko juu. "Binti yangu, mwenzako ana nini?" alimwuliza Redio.

"Amechoka tu, shangazi."

Shangazi aliridhika, kwa maana Redio hakuwa na tabia ya kumdanganya. Redio akaketi kumalizia tathmini. Aliandika, "Namba nane wa kilimani ndiye," kisha kalamu ikagoma. Maneno ya mwalimu aliyoyaona hayana msisimko sasa yalimwenda mbio kichwani: anaweza asiamke. Aliinuka akaenda kusikiliza kama Tinga anapumua. Alikuwa anapumua. Akarudi, akaketi, akainuka tena.

Asubuhi hapakuwa na vita vya kamba. Shangazi alikuwa ameondoka mapema kwenda kumalizia jezi za watu. Tinga alivaa sweta lake kimya, akamimina chai nje ya kikombe.

"Nani amewasha hii taa?" aling'aka.

Hapakuwa na taa iliyowashwa. Lilikuwa jua tu, kupitia dirishani. Redio alifungua mdomo kumwomba asiende, lakini Tinga alikwisha kutoka na kuubamiza mlango.

Shuleni, mwalimu wa michezo hakuwepo. Alikuwa kwenye kikao cha kupanga ratiba. Redio akashindwa kuvumilia, akamweleza rafiki yake wa dawati moja. Macho ya rafiki yaling'aa, lakini si kwa huruma.

"Tinga mgonjwa? Basi tumewapata! Wewe nyamaza tu. Kwani umefanya nini? Hujafanya kitu."

Hujafanya kitu. Maneno hayo yalimchoma Redio kuliko tusi. Kengele ya mwisho ilipolia, hakusubiri kufagia darasa. Alipiga moyo konde, akakimbia hadi kilimani bila kupumzika, na sweta lake la kijani likaingia katika ukumbi uliojaa sweta nyekundu.

Sherehe ya viti ilikuwa imekwisha. Wachezaji walikuwa wakijiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kukabana. Tinga alikuwa bado kitini, jezi namba nane magotini, akitabasamu bila kumtazama mtu.

"Jasusi huyo!" nahodha wa kilimani alipiga kelele. "Amekuja kutuibia ishara!"

Kocha alimgeukia. "Binti, wewe si wa mtoni? Una shida gani?"

"Shikamoo, mwalimu," Redio alisema akihema. "Naomba Tinga asicheze leo. Jana aligongwa kichwa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Hizo ndizo hila zenu za mwaka huu?" mmoja aliuliza. "Mnatuondolea namba nane kwa maneno?"

"Mwalimu, usimsikilize," Tinga alisema. "Ana wivu. Mimi mzima kama chuma."

Redio alihisi machozi yanamtoka, akayaacha yatoke. "Alisimama upande wa relini. Akasema sabuni. Njiani alitapika, akaniuliza mara mbili kama mmeshinda. Mwulizeni basi, trai ya mwisho ya jana alifunga nani?"

Kicheko kilipungua. Nahodha alikuwa ameanza kukumbuka jinsi alivyomvuta jezi.

"Haya, Tinga," kocha alisema taratibu. "Nani alifunga?"

Tinga alimtazama nahodha, kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama mwanafunzi anayesaka jibu kwenye nyuso za wengine.

"Winga," alisema. "Winga wetu wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Kocha alipiga goti mbele ya kiti kile. "Mwanangu," alisema, "ulifunga wewe." Tinga aliufunika uso wake kwa ile jezi, akalia.

Hospitalini, alikopelekwa na kocha jioni hiyo, daktari alimpima kwa muda mrefu. Alieleza kwamba ubongo wa Tinga ulikuwa umetikiswa, na kwamba dawa yake kubwa ni kupumzika. Hatacheza mpaka apone kabisa na yeye daktari atoe ruhusa. "Mngemchelewesha akagongwa tena leo," alisema, "pengine ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Shangazi aliketi kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, uzi mwekundu bado umemganda begani. "Wewe ulijua tangu jana," alimwambia Redio.

"Nilijua, shangazi."

"Nikakuuliza. Ukaniambia amechoka."

Redio angefurahi kama shangazi angemgombeza. Shangazi hakumgombeza. Alimvuta karibu, akamkumbatia kwa nguvu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Tinga alilala kwenye chumba chenye pazia lililoshushwa, uso ukutani, na Redio akiingia na chai hakuitikiwa. Shuleni nako wengine walimwita msaliti. Siku ya tathmini alisimama mbele ya paredi, akawasoma relini na mawinga wao, akawasoma mtoni na lawama zao. Kisha akasoma, "Kilimani wataanza bila namba nane wao. Aliumia kichwa. Mimi nilijua, nikachelewa kusema. Msimu huu nawaogopea wachezaji wa timu zote." Mwalimu wa michezo alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jioni ya mkesha wa ufunguzi, kocha wa kilimani alibisha hodi. Shangazi alimkaribisha chumbani kwa Tinga, akamwekea kigoda. Kocha aliketi.

"Ile sheria ya jezi nimeifuta," alisema. "Niliitunga ili wazima wasijifanye wagonjwa. Kumbe niliwafundisha wagonjwa kujifanya wazima. Nilipowatangazia wachezaji kwamba anayeumia nafasi yake itamngoja, wawili walinyoosha mikono palepale. Mmoja kidole chake kimevunjika, na amekuwa akikificha."

Tinga aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama kocha, kisha akamtazama Redio aliyesimama mlangoni.

"Hebu nisimulie hiyo trai," alisema.

Redio akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasimulia: skramu, mpira miguuni, yule wa kwanza aliyebaki anakumbatia hewa, wa pili aliyeburutwa, kona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutia chumvi. Tinga alisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

"Kumbe ilikuwa nzuri," alisema, na midomo ikamcheza.

"Ilikuwa nzuri mno," kocha alisema. "Lakini huenda usiikumbuke kamwe, Tinga. Utafunga nyingine, kwa sababu huyu ndugu yako alikubali kuitwa jasusi kule na msaliti huku. Goti likichubuka, kila mtu ataona damu. Kichwa kikiumia ndani, anayejua ni mwenyewe, na pengine aliye karibu naye. Basi mwenyewe aseme. Akishindwa, aliye karibu aseme, hata kama ameapishwa. Tena aseme siku ileile."

Maneno ya mwisho aliyasema akimtazama Redio. Hakuyasema kwa ukali, lakini Redio alijua yanamhusu.

"Siku ileile," alijibu, na chini ya blanketi mkono wa Tinga ukautafuta wake.