Ulimi Uliopigwa Tupa

Jumatatu saa saba mchana mlango wa nyuma wa kulia ulifunguka wenyewe, na Fadhili akamtukana aliyelitengeneza gari lile, ingawa huenda alikuwa amekufa zamani.

Hapakuwa na upepo. Gari lilisimama chini ya bati, katika gereji ya Fadhili ya commune Tshopo, Kisangani, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa matofali. Kitasa kililia tak. Mlango ukaenda mpaka mwisho wa bawaba, ukakaa wazi kwa muda ambao mtu angehitaji kukusanya mizigo yake, kisha ukarudi polepole. Ilikuwa mara ya sita. Kila mara Fadhili alikifungua kitasa, akakisafisha, akabadilisha springi, akakipaka grisi na kukirudisha. Kila mara mlango ulifunga vizuri asubuhi nzima, na saa saba ukaamua vingine.

"Yaya, huyu gari iko na akili kupita weye," alisema Bonheur, fundi wa mabati, kutoka upande wa pili wa uzio. "Saa ya kula ikifika, anashuka."

"Funga kinywa. Nipe tournevis," alijibu Fadhili, akinyoosha mkono apokee bisibisi.

Gari lilikuwa la Kifaransa, jeusi, la mwaka 1967. Marehemu Papa René alilifanya teksi kwa miaka mingi, kutoka soko kuu mpaka kwenye bac, kivuko kinachopeleka watu Lubunga. Alikuwa amekufa mwaka uliopita. Mjane wake, Mama Chimène, shemasi wa kanisa lake, alitaka jambo moja: binti yao Gracia aolewe Jumamosi akiwa amepanda gari la baba yake.

Juu ya meza ya kazi palikuwa na katoni iliyokuja kwa ndege kutoka Kinshasa. Ndani yake mlikuwa na vitasa vinne vya kisasa vinavyobana mara mbili. Vile vya nyuma vilikuwa na kijiti cha kuzuia mtoto asifungue kutoka ndani. Fadhili alikuwa amekwisha kupima. Kutoboa matundu mawili kwa kila mlango, na kazi ingekwisha.

Jumanne Mama Chimène alipokuja, Fadhili alimwonyesha vitasa vile.

"Mama, serrure za zamani zilishakwisha. Tutie hizi."

"Rudisha zilezile."

"Mama, mulango itafunguka, bibi-arusi ataanguka kwa barabara. Kisangani yote itasema ni Fadhili alimuangusha."

"Papa Leila," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama siku zote, "nilisema d'origine, zile za kwanza. Na ile ya nyuma, ya kulia, usiiguse tena hata na kidole."

"Alors, unipe sababu."

Mama Chimène alitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa sita na nusu. "Sababu ni kwamba gari ni yangu," alisema, akatafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani.

Fadhili alikaa na kitasa kile mkononi. Alikuwa amekipaka grisi mara sita bila kukifuta kikavu. Sasa alikifuta kwa petroli, akakisogeza kwenye mwanga, na akaona kwamba ulimi wake haukuwa umelika. Ulikuwa umepigwa tupa. Mistari ilikuwa myembamba, imepangana, kazi ya mtu asiye na haraka. Ulikuwa umechongwa mshazari upande mmoja, kiasi kwamba mtu aliye ndani angesukuma kidogo tu na mlango ungeachia. Vitasa vingine vitatu vilikuwa vizima.

Hasira ilimpanda. Siku nane alikuwa akichekwa na Bonheur kwa sababu ya kitu ambacho mtu aliharibu makusudi, na mwenye gari alijua akanyamaza. Jumatano asubuhi alitoboa matundu manane. Alitia vitasa vya kisasa katika milango yote minne, akashusha vile vijiti vya kuzuia watoto, akarudisha ngozi za ndani na vishikio vya zamani vinavyong'aa. Kilichofichwa ndani ya mlango nani angekiona?

Saa saba alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Kitasa hakikulia. Mlango haukuenda popote. Fadhili alicheka peke yake.

Kisha akasikia kak.

Ilikuwa sauti ndogo, ya ndani. Akainama, akatazama kwenye kioo. Kishikio cha ndani cha mlango wa kulia kilikuwa kikipanda na kushuka. Kak. Kak. Hakikuwa na haraka, kama mkono wa mtu anayejua kwamba mlango huu hufunguka. Harufu ikamfikia, ya matope ya mto na samaki wa moshi, ingawa vioo vyote vilikuwa vimepandishwa. Fadhili akarudi nyuma, akasoma Ayatul Kursi. Kishikio kikatulia. Kikangoja mpaka alipomaliza neno la mwisho, kama mtu mwenye adabu anavyongoja mwenzake amalize kusema, kisha kikaanza tena. Kak.

Iliendelea nusu saa. Fadhili hakumwambia mtu. Mlango haukuwa umefunguka, na hilo ndilo alilolitaka.

Alhamisi, robo saa kabla ya saa saba, Mama Chimène alifika na Gracia ili wajaribu kama gauni lingeenea kwenye kiti. Gracia alifundisha hesabu katika shule ya sekondari, na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo.

"Ingia kwa kushoto," mama yake alimwambia. "Kulia achana nako."

"Mama na kulia yake!" Gracia akacheka, akaingia na gauni lake lililofungwa katika shuka, akaufunga mlango. "Eh, tonton Fadhili! Sasa inafunga kama gari ya ministre!"

Mama Chimène hakucheka. Alisimama nje, macho kwenye mlango wa kulia, saa ya mkononi ikiwa karibu na uso wake, na Fadhili alipomwona hivyo alielewa kwamba hakuwa akiogopa mlango ule usije ukafunguka, bali alikuwa akiusubiri ufunguke.

Saa saba. Kak.

"Mbona haifunguke?" aliuliza Mama Chimène kwa sauti ya chini.



"Tonton," alisema Gracia nyuma ya kioo. Hakupaza sauti. "Tonton, kuko mutu hapa."

"Toka," alinong'ona mama yake. "Gracia, toka sasa hivi."

"Mulango inakataa."

Kishikio cha kulia kilipanda na kushuka, mara tano, mara kumi, kisha kikaachwa. Na shimo lililokuwa upande wa kulia wa kiti, shimo la mtu aliyekaa ambalo Fadhili hakuwa ameliona mpaka wakati ule, likajaa taratibu, springi moja baada ya nyingine, na shimo jingine likafunguka katikati ya kiti, kwa sababu abiria aliyenyimwa mlango wake hutafuta mlango wa jirani, na jirani alikuwa Gracia, ambaye sasa bega lake lilikuwa limebanwa kwenye ngozi ya mlango, shavu lake likalala kwenye kioo, na kioo chenyewe, katika jua lile la saa saba, kikaanza kuota ukungu kutoka ndani, mpaka kilichobaki cha uso wake kikawa jicho moja na mdomo unaotafuta hewa.

Fadhili alivuta kishikio cha nje cha kushoto, kikakataa. Akavuta cha mbele, kikakataa. Alinyanyua mtaimbo avunje kioo, na Mama Chimène akamshika mkono.

"Ulibadilisha?"

"Hapana, Mama."

"Fadhili." Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu. "Ulibadilisha serrure?"

"Nilibadilisha. Zote ine."

"Mungu yangu. Mutaimbo itamukasirisha. Zunguka. Umufungulie kwa kulia, kama chauffeur anafungulia mukubwa. Umuambie, 'Tumefika, mama.'"

"Nimuambie nani?"

"Nenda!"

Alizunguka. Hatua zilikuwa nane, na aliweza baadaye kuikumbuka kila moja. Alishika kishikio cha kulia, na kabla hajavuta kikaja chenyewe. Mlango ukafunguka. Harufu ya mto ikampiga usoni.

"Tumefika, mama," alisema Fadhili. Sauti ilikuwa yake, lakini hakuitambua.

Springi za kiti zikarudi juu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ubaridi ukapita mbele ya magoti yake. Gari likainuka kidogo upande mmoja, kama linavyoinuka mtu mnene anaposhuka, na katika vumbi la gereji mstari wa maji ukaenda mpaka kwenye geti, ukaishia hapo. Bonheur alikuwa kwenye uzio, mkate mdomoni.

Mlango wa kushoto ulifunguka kwa kidole tu. Gracia alitoka akikohoa. Kwenye mkono wa blauzi yake palikuwa na gamba la samaki.

Fadhili aling'oa vitasa vya kisasa mchana uleule na kurudisha vile vya zamani, ulimi uliopigwa tupa mahali pake. Ijumaa, karibu na saa saba, yeye na Mama Chimène walisimama mbele ya mlango wa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu gari liingie gerejini, Fadhili aliomba asikie tak.

Saa saba ikafika, ikapita. Kiti cha nyuma kilibonyea upande wa kulia. Kishikio cha ndani hakikuguswa. Mlango ulikuwa mwepesi, ungeweza kusukumwa na mtoto. Hakuna aliyeusukuma.

Kisha kidole kimoja kikagonga kioo kutoka ndani.

"Mama," alinong'ona Fadhili, "kwa nini hafungui?"

Mama Chimène alikaa juu ya tairi kuukuu. Alionekana amechoka kuliko kuogopa.

"Quatre-vingt-un, mwaka ile ya themanini na moja, mvua ya saa saba, mama mumoja alipanda sokoni na kitunga ya samaki. Alisema, 'Utanishusha kwa bac.' Ile wakati taksi zote zilikuwa bila poignée ya ndani, ile kishikio, chauffeur ndiye anafungua. René alifika, alifungua: kiti iko maji, mutu hakuna. Kesho yake, saa saba, kiti ilishuka tena."

"Jini."

"Weye ndiye unajua majini. Sisi kanisani tunasema roho. René alisema tu 'client'."

"Mbona hamukuuza gari?"

"Tuliuza. Saa saba aligonga kwa dirisha ya chumba yetu. Tulinunua tena." Akafuta uso. "Miaka kumi na moja, kila siku, alikuwa anamufungulia. Hawezi kusafiri. Hawezi kuugua. Kaka yake alikufa kule Opala, hakwenda kuzika. Kisha alitia poignée ya ndani, akachukua tupa. Kila siku alipunguza ulimi kidogo, akamuambia, sukuma, mama, sukuma mwenyewe. Siku ile alisukuma, René alilia kama mutoto."

Kidole kiligonga tena.

"Na weye jana umemufungulia," alisema Mama Chimène. "Alishasikia utamu."

"Ni weye ulinituma, Mama."

"Ni weye ulimufungia. Na ungeniambia kwamba unabadilisha serrure?"

"Na weye ungeniambia, mbele ya hii yote?"

"Shemasi mimi, nimuambie fundi muislamu kwamba niko na jini kwa gari?"

Walitazamana. Kidole kiligonga mara ya tatu, na Fadhili akaenda, akafungua.

Jumamosi yeye ndiye aliyeendesha. Alivaa suti ya shemeji yake. Hugues, bwana harusi, aliwekwa kiti cha mbele na hakuelewa kwa nini; aliambiwa nafasi iliyo kando ya Gracia ni ya heshima, na wageni wakaamini kwamba ni ya marehemu Papa René. Wengine walifuta machozi. Msafara ulitoka kanisani ukipiga honi. Saa saba ulikuwa katikati ya bulvari.

Fadhili alisimamisha gari. Nyuma yake msafara mzima ukasimama. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma wa kulia, akainama.

"Tumefika, mama."

Gracia alitazama mbele, maua yameshikwa kwa mikono miwili. Gari likainuka kidogo.

"Eh! Protocole ya kweli hiyo!" mtu alipiga kelele kutoka gari la pili, na watu wakapiga makofi.

Mbele ya ukumbi Mama Chimène alimpa Fadhili ufunguo wa gari. Hakumwuliza kama anautaka.

"Basi nipe na ile tupa ya papa," alisema Fadhili.

"Tupa itafanya nini? Ulimi wa serrure ulishakwisha. Umebaki wa kwako. Umusemeshe, kila siku. Polepole."

Fadhili alikuwa na miaka hamsini na minne. Akajumlisha kumi na moja.

Jumapili gereji ilikuwa imefungwa na Bonheur hakuwepo. Saa saba kasoro dakika tano Fadhili alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, ili isije ikanyooka yenyewe. Saa saba kiti kilibonyea.

"Sukuma, mama," alisema. "Mulango iko mwepesi. Sukuma mwenyewe."

Ndani kulikuwa kimya, kama mtu anayesikiliza. Kisha kidole kikagonga kioo.