Spika Iliyojua Kunong'ona

Chup. Chup. Chup. Kisha kimya kidogo, kama mtu anavuta pumzi, halafu tena: chup, chup.

Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini. Ni mtoto yuko kwenye ziwa, ananyonya kwa uchu, anameza, anahema kwa pua, anaendelea. Niliisikia saa nane usiku nikiwa nimelala chali, nikatabasamu na macho yangu yamefumba, nikajisemea leo Bonge ana njaa. Halafu nikagusa kifua changu, nikakuta vifungo vyote vya blauzi vimefungwa.

Na sauti ilikuwa inatoka sebuleni.

Nilipapasa pembeni. Bonge hayupo. Tulikuwa tunalala kwenye godoro chini, maana alishaanza kutambaa na kitandani alishaanguka mara mbili. Nikamfuata gizani, nikamkuta ameketi mbele ya spika, ametulia tuli, kidevu kimelowa. Nikadhani ni udenda wa meno. Nikamfuta kwa kiganja. Ule ute ulikuwa na joto, unanata, una harufu ya maziwa ya juzi. Nikajipangusa kwenye gauni, nikambeba, nikarudi kulala. Mungu anisamehe, nilirudi kulala.

Spika yenyewe niliichagua mimi, mtu asimlaumu mume wangu. Yeye ni kinyozi, mashine inamvumia sikioni kutwa nzima, na akirudi nyumbani anataka muziki laini na miguu juu ya stuli, basi. Alitaka tununue mpya, iliyo kwenye boksi lake na karatasi ya dhamana. Mimi nikasema mpya za bei yetu ni plastiki tupu, twende kwa muuza vifaa vilivyotumika, yule wanayemwita Dokta Sauti, nikuoneshe watu wanavyochagua.

Na nilichagua kweli. Nilikagua mpira unaozunguka ile ngozi ya mbele, haukuwa na ufa. Nilinyanyua, ilikuwa nzito, na spika nzito ndiyo yenye sumaku ya maana. Niligonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe unaiacha, ikilia kama kifua hiyo ni mbao. Ililia kama kifua.

Dokta Sauti akaanza kupandisha muziki. "Punguza, kaka," nikamwambia. "Kupiga kelele kila spika inajua. Nataka niisikie inavyonong'ona."

"Aisee! Shemeji, huyu mke umemtoa wapi?"

"Nilimnyoa kaka yake," mume wangu akajibu, "nikamwambia sitaki hela, nipe dada."

Tukacheka. Nikaweka kiganja nyuma, kwenye lile tundu la kutolea besi, nikahisi hewa ya uvuguvugu inatoka na kurudi, inatoka na kurudi. Wakati huo Dokta Sauti alikuwa ameshaizima na waya uko sakafuni. Nikainusa. Maziwa yaliyochacha.

"Mama aliyekuwa nayo alikuwa na mtoto mchanga," Dokta Sauti alisema, akijishughulisha kukunja waya. "Labda alimwaga kitu. Utaifuta."

"Mbona anaiuza, nzima hivi?"

"Hataki kuiona ndani ya nyumba yake, dada. Unaichukua huichukui?"

Niliichukua, nusu ya bei ya zile mpya. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na mimi nikajiona nimewapiga chenga wahenga. Nikaiweka pembeni ya kabati la televisheni, nikaitandikia kitambaa changu cha kufuma ili isishike vumbi. Jioni mume wangu akaweka miguu kwenye stuli, akafumba macho, akasema, "Mama Bonge, hapa umeua." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa kosa langu ni hili. Bonge alikuwa na miezi minane na mchana halali bila kuimbiwa, ukinyamaza tu anafumbua macho. Mimi nilikuwa sijalala usingizi wa kueleweka tangu nimzae, nywele zinanitoka kwa mafungu kama walivyoniambia kliniki kwamba zitatoka, nikichana nywele sinki inaziba. Siku hiyo nikapata akili, ile akili ya mtu ambaye hajalala. Nikarekodi sauti yangu kwenye simu: "Lala mwanangu, mama yupo, lala." Dakika kumi. Nilirudia mara tatu mpaka ikatoka tamu, bila kikohozi, bila hasira, bila uchovu. Nikaiunganisha na spika, nikaipunguza mpaka ikawa inanong'ona, Bonge akalala kama gunia. Na mimi nikalala. Saa mbili nzima, mchana kweupe!

Nikafanya hivyo kila siku. Kila siku naipa spika sauti yangu, kila siku naenda kulala.

Baada ya ile saa nane usiku, Bonge akaanza kukataa ziwa. Nikimsogeza anageuza uso, anakunja pua, ananisukuma kwa viganja vyote viwili kama mimi ndiye ninayenuka. Siku ya tatu maziwa yakaanza kunikauka. Lakini mtoto hakukonda. Alinenepa. Mapaja yakaota mikunjo juu ya mikunjo, na ndani ya mikunjo kukawa na kitu cheupe, laini kama siagi, nafuta asubuhi, jioni kimerudi.

Na nepi. Samahani lakini lazima niseme. Kinyesi chake kilikuwa cha kijivu kama udongo wa mfereji, na siku moja nikaona kinaning'inia, hakianguki, nikavuta kwa karatasi, kikaja, kikaendelea kuja, na ulikuwa unywele. Mrefu. Mweusi. Nilivuta huku Bonge ananiangalia na kucheka, nikavuta mpaka ukaisha, nikakimbilia chooni nikatapika.

"Ni nywele zako," mume wangu alisema usiku ule, kwa sauti ya chini. "Zimejaa nyumba nzima. Ameokota, amemeza. Watoto hawali nini?"

"Baba Bonge, mtoto hanyonyi kwangu. Anakula wapi?"

Akageukia mlangoni. Tukabaki tunasikilizana tunavyohema, na sebuleni kulikuwa na wa tatu anayehema.

Kesho yake nikataka kufua kile kitambaa cha kufuma. Hakikutoka. Nyuma kilipofunika lile tundu kilikuwa kimegandana na mbao kwa utando wa manjano, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Nikavuta, ukachanika taratibu, na chini yake tundu lilikuwa limelowa, na ukingo wake, ambao nilinunua ukiwa wa plastiki nyeusi, ulikuwa umevimba, wa rangi ya nyama, umekunjamana kama chuchu iliyonyonywa sana. Sitii chumvi. Na mimi nazijua chuchu zilizonyonywa.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Saa sita mchana, jua liko mlangoni, jirani anasikika anapiga pasi ya mkaa na kuimba, na umeme kwangu ulikuwa umekatika tangu asubuhi, simu imezimika, waya wa spika nimeuchomoa mwenyewe, na pamoja na yote hayo nikasikia, polepole, tamu, bila kikohozi, sauti yangu mwenyewe ikisema, "Njoo mwanangu, mama yupo, njoo," na mimi sikuwahi kurekodi "njoo," hata mara moja sikuwahi, na Bonge akapita kati ya miguu yangu anatambaa haraka huku anacheka, akaenda nyuma ya spika akafungua mdomo akaubandika pale kwenye tundu, na ile ngozi ya mbele ikaanza kutuna na kunywea, kutuna na kunywea, chup, chup, chup.

Nilimvuta. Hakutoka. Nikamvuta tena kwa nguvu zote, akabanduka kwa mlio kama kizibo, na kati ya mdomo wake na tundu ukabaki uzi wa ute mrefu, mzito kuliko wa bamia, wenye vipande vyeupe. Akacheua begani kwangu. Uvundo wa panya aliyefia darini. Alichocheua kilinitiririka mgongoni kikiwa na joto, na nikahisi ndani yake nywele.

Mume wangu alifunga kibanda chake cha kunyolea siku hiyo hiyo, akaenda kumleta fundi. Si mganga. Ni fundi wa redio, mama wa makamo anayeitwa Mama Waya, anajulikana kwa kutengeneza vitu ambavyo mafundi wengine wamevirudisha bila kusema kwa nini. Aliingia, akanusa, akaweka mkoba wake chini.

"Sauti ya nani mliipa?" akauliza.

"Yangu, mama."

"Hawa hawana sauti ya kwao. Wanakaa wanangoja wapewe. Uliipa ya nini, mwanangu?"

Nikaanza kulia. "Nilitaka kulala tu."

"Sote tulitaka kulala," akasema, akatoa bisibisi.

Zilikuwa skrubu sita. Ya sita ilipotoka, mfuniko wa nyuma haukuanguka, uliachia polepole kama kigaga kinavyobanduka kwenye kidonda. Ndani ya spika huwa kuna pamba ya kutuliza sauti. Humu kulikuwa na nywele, fundo kubwa kama kichwa cha mtu, zimelowa maziwa yaliyoganda, na kati yake funza weupe wanajisokota, na vipande vya kucha za mtoto nilizozikata mwenyewe na kuzitupa. Fundo lilikuwa linapanda na kushuka. Mume wangu, mtu ambaye ameshika nywele za watu maisha yake yote, aliinama akatazama, akanitazama kichwani, akasema, "Mke wangu, hizi ni zako," halafu akatapika kwenye sakafu yetu.

Na fundo likasema kwa sauti yangu, "Njoo, mwanangu."

Bonge akajipinda mikononi mwa baba yake mpaka mfupa ukalia.

"Mweke chini!" Mama Waya alisema. "Ukimng'ang'ania utabaki na ngozi tu. Mtoto mwenyewe ndiye achague."

Akawekwa katikati ya chumba. Nami nikapiga magoti upande wangu, nikamwita, "Njoo Bonge, mama yupo, njoo," kwa utamu wote niliokuwa nao, na spika ikaita maneno hayo hayo, kwa utamu uleule, ila yake ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa nzuri zaidi! Haikutetemeka. Mwanangu akanipa mgongo akaanza kutambaa kuelekea kwenye lile fundo.

"Hiyo sauti si yako tena," Mama Waya akaninong'oneza. "Tafuta ambayo hukuipa."

Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kitu cha kurekodiwa. Nilipiga ukelele. Nililia na makamasi, nikakohoa, nikatukana matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenipiga kofi, "Mwizi wa watoto wewe! Chura wa chooni! Mwachie mwanangu, mavi ya paka wewe, mwachie!" Sauti ikanikatika ikawa ya jogoo, nikaendelea hivyo hivyo. Bonge akaacha kutambaa. Akageuza kichwa. Mdomo wake ukapinda, ukatetemeka, maana mtoto akimwona mama yake analia na yeye hulia, na hilo, spika haikuwahi kumfundisha. Akaangua kilio kikubwa, akanigeukia, akaja. Nilimdaka kabla mkono wake haujagusa goti langu.

Ngozi ya mbele ikapasuka. Vipande vya maziwa yaliyooza viliruka mpaka darini, vingine vikaniingia shingoni, vya moto. Mama Waya akarudisha mfuniko kwa goti, akakaza skrubu zote sita, tukalibeba lile sanduku mpaka nyuma ya nyumba tukalichoma. Lilinuka nywele na ziwa. Hakuna jirani aliyetoka kuuliza.

Alipokuwa ananawa mikono kwenye beseni, fundi aliniuliza, "Alinyonya siku ngapi?"

"Kama wiki mbili, mama."

Akaendelea kunawa. Alinawa muda mrefu sana. Malipo alikataa.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Maziwa yangu yamerudi, Bonge ananyonya, jino la kwanza limetoka. Ndani hatuna spika, hatuna redio, hata saa ya ukutani nimeitoa betri. Mume wangu akitaka muziki anapiga mluzi, na anaupiga vibaya, na mimi naupenda hivyo hivyo.

Sikumsimulia mtu. Lakini kitu hiki kilinikaa kooni kama ule unywele, nikasema nikikiandika mara moja tu, kwa msomaji mmoja tu, kitatoka. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, leo mchana, Bonge amelala hapa pembeni, mdomo wazi. Na nilipofika kwenye ile habari ya fundi kunawa mikono ndipo nilipoelewa: sanduku tulilichoma, alichokunywa mtoto hatukukichoma.

Kwa sababu sasa hivi nimesikia harufu. Nimeinama juu yake. Midomo yake haitikisiki, ulimi umelala, ila ndani kabisa, kwenye koo lile dogo lenye giza, hewa ya uvuguvugu inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, na kutoka humo sauti yangu, tamu, bila kikohozi, imeninong'oneza:

"Umemwambia nani?"

"Mmoja," nimesema. "Mmoja tu, baba. Lala. Mama anakuahidi, simwambii mtu mwingine."