Nywele za Lidwina

Kila siku kabla ya kwenda shule, Adela alikuwa na kazi ya kufagia nyumba na uwanja. Alikuwa darasa la sita, na kwao ni Matogoro, kule nyumba zinakoishia na msitu wa milima unakoanza. Mwezi wa sita ukungu hushuka kutoka mlimani mpaka mlangoni, na baridi yake, jamani, si ya mchezo. Mtu akija uwanjani unasikia nyayo zake kabla hujamwona.

Asubuhi moja, akiwa ameinama na ufagio, Adela alisikia mwanaume anaimba ndani ya bafu la nje. Aliimba polepole, kwa sauti nene, wimbo wa kwaya ya kanisani kwao. Adela akaganda. Baba yao alikuwa Tunduru kwa kazi ya ujenzi, na pale nyumbani walibaki wanawake watupu: mama, yeye na dada yake Lidwina. Sasa ni mwanaume gani huyo anayeoga kwao alfajiri yote hiyo?

"Nani humo?" aliuliza, ameuinua ufagio.

Wimbo ukakatika. Mlango wa bati ukalia, na kwenye ukungu akatokea Lidwina, khanga kifuani, kilemba kichwani. Adela akachungulia bafuni. Mlikuwa na ndoo tu, hakuna mtu mwingine.

"Unatafuta nini?" Lidwina alinong'ona. Siku hizo alikuwa mtu wa kunong'ona tu. Akiulizwa, anagusa koo na kudai kwamba ni mafua.

Adela hakujibu. Alikwenda kufagia chumba walicholala wote wawili, na huko akakuta tena nywele za Lidwina zilizonyonyoka. Zilikuwa mafungu mazima, mengine juu ya mto, mengine sakafuni, mengine yamenata kwenye blanketi upande wake yeye. Mama alikuwa amewafundisha tangu wadogo kwamba nywele hazitupwi ovyo, zinatumbukizwa chooni au zinachomwa, maana mtu mbaya akiziokota anaweza kukuchezea. Basi Adela akazikusanya kwa ncha za vidole, huku mwili ukimsisimka, akaenda kuzitumbukiza chooni.

Ukweli ni kwamba Adela alijua jambo. Lidwina alikuwa mkimbiaji, tena mkimbiaji hasa, na alikuwa akiwania nafasi katika timu ya mkoa. Siku moja Adela alipochukua raba za dada yake akazifue, kichupa kidogo kilidondoka kutoka ndani ya kiatu. Kilikuwa na vidonge vya rangi ya waridi, bila karatasi wala jina.

Lidwina alikinyakua. "Ni vitamini! Ananipa kocha Calvin wa jimu ya mjini. Ukimwambia mama, wewe si mdogo wangu tena. Apa!"

Adela akaapa. Tangu hapo akawa anamtazama dada yake akigeuka kidogo kidogo. Mapaja yalikaza, mabega yakapanuka, uso ukajaa chunusi kubwa. Alifoka hata kwa kijiko kilichoanguka. Kuna asubuhi Adela alifumbua macho akamwona amesimama mbele ya kioo, ananyoa kidevu kwa wembe. Adela akavuta blanketi akajifunika gubigubi. Alihisi analala na mtu mgeni aliyevaa sura ya dada yake.

Mambo ya kuficha yana mwisho. Siku mama alipomlazimisha Lidwina avue kilemba, alipiga ukelele uliosikika kwa majirani. Utosi ulikuwa mtupu, unang'aa, na pembeni zilibaki nywele chache tu zilizolegea.

"Mama yangu wee! Nani alikusuka mara ya mwisho?"

"Bibi Kunegunda," Lidwina akanong'ona. "Wakati wa Pasaka."

"Na zile nywele zilizotoka kwenye kitana alizipeleka wapi?"

"Alizifunga kwenye pindo la khanga. Alisema atazichoma kwake."

Mama akashika kiuno. "Hapa kuna mkono wa mtu!"

Hapo ndipo Lidwina alipopaswa kusema. Alitazama chini, akanyamaza. Naye Adela, kwa sababu ya kile kiapo, akanyamaza vilevile.

Bibi Kunegunda alikuwa mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwao, bingwa wa kusuka na bingwa wa utani. Alisuka nusu ya watoto wa Matogoro na kuwatania wote. Sasa mama alitangaza nyumba kwa nyumba kwamba ndiye aliyemroga Lidwina, na mkeka wake ukakosa mtu. Watoto wakimwona kwa mbali wanabadili njia, na asubuhi moja mlango wake ulikutwa umechorwa msalaba wa mkaa. Adela alipita hapo akienda shule, akamkuta amekaa kizingitini katikati ya ukungu, kitana mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe huniogopi?"

Adela alitaka kumwambia kila kitu, lakini akakumbuka kile kiapo. Alikimbia, na shuleni siku hiyo hakuelewa somo hata moja. Roho ilimuuma vibaya sana.

Jumamosi mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao uwanjani kwa kina Adela. Majirani walijaa. Bibi Kunegunda alikalishwa kwenye kigoda mbele yao, peke yake. Wengine walikuwa wameshaamua: aondoke Matogoro, aende kwa ndugu zake, na asipotaka kwa heri ataondoka kwa shari. Kijana mmoja alikuwa ameshika fimbo, anaipigapiga kiganjani.

"Rudisha nywele za mwanangu!" mama alilia.

"Nilizichoma jikoni, kama ninavyofanya kwa wote," bibi alijibu. Sauti yake ya utani ilikuwa imekwisha. "Nikazitoe wapi, mama Lidwina? Majivuni?"

"Muongo! Mchawi!" mtu akapaza sauti, na kijana wa fimbo akasogea mbele.

Adela hajui hata alivyosimama. Alijikuta katikati ya uwanja, machozi yanamtiririka. "Bibi hajafanya kitu! Ni vidonge! Dada anakunywa vidonge vya kocha Calvin, anavificha kwenye kiatu, na mimi niliapa nisiseme!"

Zogo likazuka. Kisha ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, ikatoka sauti nene ya mwanaume.

"Anasema kweli."

Watu wote wakageukia mlango. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Pazia likafunguka, na Lidwina akatoka kichwa wazi, utosi ukimeta. Waliokuwa mbele walirudi nyuma, na mtoto mmoja akaanza kulia.

"Ni mimi," Lidwina alisema kwa sauti ileile, isiyofanana kabisa na uso wake. "Si mafua, na si Bibi Kunegunda. Nilimeza vidonge ili niwe na nguvu ya kuwashinda wenzangu. Nilijua vimekatazwa. Nimejifanyia mwenyewe."

Mwenyekiti alimnyang'anya yule kijana fimbo, akawaambia watu waende makwao.

Jumatatu mama aliwapeleka wote wawili hospitali mjini. Walionana na Daktari Saada, mwenyeji wa Tunduru, mama mpole asiyependa kuzungusha maneno. Alimpima Lidwina damu, akamfunua kope na kuona macho yamekuwa ya manjano. Akakishika kile kichupa kama mtu aliyeshika mdudu.

"Hizi si vitamini," alisema. "Ni dawa za kukuza misuli, zinafanya kazi kama homoni za kiume. Mwili wa msichana ukijazwa homoni hizo, nywele za kichwani hunyonyoka, ndevu huota, sauti huwa nene, na hedhi huvurugika. Yako imekatika, au sivyo?"

Lidwina akaitikia kwa kichwa.

"Na ini limeanza kuumia. Alhamdulillahi mmewahi. Achana na vidonge hivi leo, na uje kliniki kila nitakapokuita. Hata wavulana vinawadhuru, msidhani wamepona."

"Nywele zitarudi, daktari?" mama aliuliza.

"Inshallah nyingi zitarudi, taratibu."

"Na sauti?" Lidwina akauliza.

Daktari Saada hakumdanganya. "Sauti huenda isirudi, mwanangu."

Lidwina alilia palepale kitini, na kilio chenyewe kilikuwa kizito hivyo hivyo. Adela akamshika mkono. Wakitoka hapo mama alipitia polisi kutoa taarifa, na wiki ileile jimu ya Calvin ikafungwa, naye akachukuliwa kuhojiwa.

Kazi ngumu ikabaki. Mama alikwenda na binti zake kwa Bibi Kunegunda, akapiga magoti kizingitini, akaomba radhi huku akisugua ule msalaba wa mkaa kwa kitambaa.

Bibi alimwacha asugue mpaka akamaliza. "Nimekusamehe, mama Lidwina. Lakini mimi kukusamehe hakuwafanyi watoto waje kwenye mkeka wangu. Habari ya uchawi mliitangaza nyumba kwa nyumba. Na hii ya kweli mkaitangaze hivyo hivyo."

Wakaenda. Katika kila nyumba Lidwina alivua kilemba na kusimulia mwenyewe. Aliposema neno la kwanza, watoto walijificha nyuma ya mama zao, naye alisubiri mpaka wachungulie tena, ndipo akaendelea.

Alipomaliza, mama alisema maneno yake. "Mwanangu alitaka ushindi bila jasho, na umemgharimu mwili. Mimi sikuuliza, nikamsingizia mtu asiye na kosa, nusura tumuumize. Nanyi watoto, sikilizeni. Mtu akikupa dawa akakuambia usiitaje nyumbani, usiimeze. Njoo useme siku hiyohiyo, hata kama umeapa."

Kisha wakaaga, wakaenda kubisha hodi nyumba iliyofuata.